Gari Lisilokula Mafuta

Mtu akikwambia gari la haibridi ni rahisi kulimiliki, muulize kwanza ana ndugu wangapi. Sisi tunao wa kujaza mabasi, na wote, Mungu awape maisha marefu, wamepanda gari letu bila kutoa hata tetri, hiyo senti yetu ya Georgia.

Kosa lilikuwa la mume wangu, Murman, dereva wa teksi, na alilifanya mezani, glasi mkononi, mbele ya umati. Wanaume wetu makosa yao makubwa yote huyafanyia hapo. Ulikuwa ubatizo wa mtoto wa binamu yake. Gari lilikuwa jipya kwetu, kalitoa soko la magari la Rustavi juma hilohilo: sedani ya Kijapani, si kubwa si ndogo, rangi ya fedha, iliyokuja kutoka Amerika imebondwa ubavu ikanyooshewa hukuhuku. Mbele ina injini ya petroli, chini ya kiti cha nyuma ina betri kubwa, na viwili hivyo vinasaidiana kusukuma. Basi Murman alikwisha wanywea marehemu, akanywea amani, akanywea akina mama, halafu akasimama tena, uso umemwiva, akainua glasi akalinywea gari.

"Ndugu zangu! Lita tano kwa kilomita mia! Hili halili mafuta, hili linanusa tu!"

Watu wakapiga makofi. Nilimkanyaga mguu chini ya meza, lakini neno likishatoka limetoka. Nilimwona shangazi yake Nanuli, aliyekuwa amekaa upande wa pili, akiweka uma chini na kuanza kufikiri.

Kesho yake asubuhi simu ikalia. "Murman, mwanangu, gari lako si linanusa tu? Nipeleke Zestafoni mara moja, nina maziko." Tangu siku hiyo tukawa na maziko, arusi, meno ya kung'oa, makaburi ya kutembelea, jibini la kwenda kuchukua. Zamani, alipokuwa na lile gari la zamani linalokunywa petroli kama bwana arusi, watu walikuwa na haya kidogo. Walikuwa wanasema, "Tukuchangie mafuta?" Ukikataa mara mbili wanakulazimisha mara ya tatu. Sasa nani atachangia harufu? Na wewe huwezi kudai. Kwetu mtu uliyekula naye mkate humtozi nauli. Hakuna sheria, lakini hebu jaribu kumtoza, halafu ufe, uone nani atabeba jeneza lako.

Nikamwambia Murman, "Rahisi ghali, baba." Akanijibu kuwa wanawake hatuelewi mashine.

Sitalisingizia gari lakini. Lilikuwa gari zuri. Lilipanda milima ya Rikoti na watu watano na magunia bila kuhema. Kiangazi, kwenye foleni, lilikuwa linakaa limezima injini na ubaridi unapuliza vilevile, abiria wanamwombea Murman dua. Breki zake haziishi, maana likipunguza mwendo lenyewe linarudisha nguvu kwenye betri. Mjini lilikuwa linakula kidogo kuliko barabara kuu, jambo ambalo Otar fundi alitueleza nikaitikia tu bila kuelewa. Murman alilipenda. Kila Jumamosi analiosha kwa sabuni ya nywele. "Lingekuwa mtu ningelioa," alisema siku moja. Nikamwambia akalale nalo.

Mbali na ndugu, gharama zilikuwa za kawaida. Matairi yaliliwa na mashimo ya Tbilisi. Kuna wezi waliingia chini ya gari tukiwa kanisani usiku wa Pasaka wakakata kipande cha bomba la moshi, kile chenye madini ya bei. Tukatoka Kristo amefufuka na gari linanguruma kama trekta. Hayo yote mtu anayavumilia. Lililotumaliza ni kitundu.

Pembeni ya kiti cha nyuma, chini, kuna kitundu chenye wavu wa plastiki. Betri inapumulia hapo. Kuna feni ndani inavuta hewa ya ndani ya gari, kuipoza. Hatukuambiwa na mtu. Na hata tungeambiwa, ningependa kumwona Mgeorgia atakayetoka kijijini kwa mama mkwe wake na kiti cha nyuma kitupu. Ukikataa gunia moja, mama mkwe anaugua. Kila mwaka baada ya kuvuna zabibu tulirudi mjini tumeshindiliwa: unga wa mahindi, jozi, kreti za zabibu, mtungi wa mvinyo umefungiwa mkanda kama mtoto, na mwaka mmoja bata mzinga hai aliyenidonoa shingo kuanzia Khashuri mpaka nyumbani. Vyote hivyo tulivisukumia pale pale penye kitundu. Ndugu nao, tukiwapeleka, walikuwa na magunia yao.

Otar alipoifungua ile feni, mwaka huu majira ya kuchipua, alitoa kitu kama kiatu cha manyoya. Unga, manyoya ya bata, maganda ya zabibu yaliyokauka, yote yameshikamana.

"Tsiala," aliniambia, "betri mmeilisha. Mngeipa na kijiko."

"Itapona?"

"Imepikika. Vyumba vyake viwili vimekufa, vingine vinafuata. Nitaisafisha, lakini nisikudanganye."

Hata mimi nisiyejua mashine nilikuwa nimeshaziona dalili. Feni ilikuwa inavuma nyuma mpaka abiria wanauliza kama kuna mtu anafagia. Kipimo cha betri kilikuwa kinajaa ghafla na kuisha ghafla. Kwenye kilima chetu cha Varketili gari lilikuwa linabaki na injini peke yake, inapiga kelele, haiendi. Lita tano zikawa tisa. Kisha ikawaka ile taa ya pembetatu nyekundu, ikakaa. Betri mpya ni bei ya paa zima la nyumba. Ya kuchomoa kwenye gari lililopata ajali ni nusu yake, na inaweza kukufia mwezi wa pili. Na Murman akaendelea kuliendesha hivyohivyo, kwa sababu teksi ikilala na sisi tunalala na njaa.

Lakini kilichonitoa mimi usingizi hakikuwa betri. Alikuwa Murman mwenyewe.

Mume wangu amechoka. Sisemi kuchoka kwa mtu aliyefanya kazi akapumzika kesho. Amechoka mpaka kwenye kucha. Miguu inavimba, sukari inapanda, daktari kamwambia aache usukani na yeye kamwambia daktari asante. Na lile gari, kwa uzuri wake, lilikuwa linamuua. Ukisimama kwenye taa za barabarani injini inazima, kimya, kama uko chumbani umefunga pazia. Lile la zamani lilikuwa linatetemeka na kukohoa, hakuna binadamu angelala ndani yake. Hili linambembeleza. Alilala kwenye taa za Saburtalo mchana kweupe, abiria nyuma, mpaka watu wakaja kugonga kioo. Mwezi uliofuata akalala kwenye kilima, mguu ukaachia breki, gari likarudi nyuma polepole mpaka likaegemea kibanda cha mkate. Hakuumia mtu. Mwenye kibanda alimpa mkate wa moto na maji. Murman alinisimulia huku akicheka, na mimi nikaingia jikoni nikafunga mlango nikalia nimeziba mdomo kwa taulo.

Nilipotoka nilikuwa nimeshaamua. "Tunaliuza," nikasema. "Tunaezeka paa la nyumba ya mama yako, tunahamia kijijini, utafuga nyuki, utalala mpaka saa sita mchana."

"Nani atanunua gari la betri mbovu?"

"Anayejua kuwa ni mbovu ni sisi na Otar."

Akaniangalia kidogo. "Fanya utakavyo, Tsiala," akasema. Nilidhani ni uchovu.

Mnunuzi hakutafutwa, alikuwa juu ya vichwa vyetu. Badri anakaa ghorofa inayofuata. Kiwanda alichokuwa anafanya kazi kimefungwa, mkewe ana mimba, na alikuwa ameshaniuliza mara mbili kama Murman anafikiria kuuza. Pesa si zake, za mama yake. Lamzira ni jirani yangu wa miaka yote. Tumelea watoto wetu kwenye ngazi moja, milango wazi, sufuria zangu kwake na za kwake kwangu. Amekwenda Bari, Italia, kuhudumia wazee, mwaka wa sita sasa, na hajarudi hata kwa Krismasi. Murman ndiye aliyempeleka uwanja wa ndege. Bure, bila shaka.

Nikaenda kwa Otar. Nikamwambia aizime ile taa.

"Naweza kuifuta," alisema, "nina kifaa, ni dakika moja. Lakini itarudi. Siku tatu, nne, akipanda milima hata kabla."

"Kule Rustavi hawafuti?"

"Rustavi wanafuta kutwa."

"Basi futa. Na mdomo wako pia."

Akafuta. Hakutaka malipo, akasema hiyo si kazi. Nilimwachia noti juu ya benchi, nikaondoka nikijiambia kwamba kila mtu anafanya hivi, na kwamba Badri ni kijana, ana nguvu, atajua la kufanya. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Jumapili tukaandaa meza. Jirani humuuzii jirani gari ukiwa umesimama uani. Nilioka mkate wa jibini, nikapika maharage kwa kotimiri, kuku nikamtia kwenye mchuzi wa jozi, Murman akatoa mvinyo wa mama yake. Badri alikwisha lijaribu asubuhi, mpaka chini kwenye kituo cha treni na kurudi. Nilikuwa nimeliombea dua. Akaingia uso unang'aa.

"Mama mdogo Tsiala, halisikiki! Nilidhani limezima, kumbe linakwenda!"

"Kula, baba," nikamwambia. "Umekonda."

"Na taa zote safi. Kwenye dashibodi hakuna hata moja inayowaka."

Murman alikuwa anakata kuku. Kisu kikasimama kidogo, kikaendelea.

Tukala. Badri alikuwa anaongea kuhusu mtoto atakayezaliwa, kuhusu kampuni za teksi za kwenye simu na asilimia wanazokata. Murman alimweleza wapi pa kusubiri abiria na wapi polisi wanajificha. Alimweleza vizuri, kwa moyo, kama anayemkabidhi mtu nyumba. Kisha akaegemeza kichwa kwenye kiganja. Badri akatoa simu ili atume pesa, na simu hiyohiyo ikaanza kulia. Lamzira.

Badri akaisimamisha simu kwenye mtungi wa mvinyo, na Lamzira akaonekana, jikoni kwa watu, nywele amefunga, nyuma yake vigae vya bluu.

"Wee Tsiala! Mbona umenenepa hivyo?"

"Ni simu yako, inanenepesha watu. Na wewe mbona umekuwa kijiti? Huko hawali?"

"Wanakula tambi. Asubuhi tambi, jioni tambi. Nikiota usiku naota maharage yako."

"Haya hapa, tazama," nikasema, nikainua bakuli, na akaleta uso karibu na kioo kana kwamba atanusa. Kutoka chumba cha pili sauti ya kikongwe ikaita, "Lamziiira!" Akajibu kwa Kiitaliano, akanirudia.

"Bibi huyu hamalizi. Sasa sikilizeni, sina muda. Badri, pesa umetuma?"

"Nilikuwa natuma sasa, mama."

"Usitume. Na huo ufunguo uweke mezani. Hauondoki hapo mpaka neno lisemwe."

Nilijua atasema hivyo. Nilikuwa nimeshajiandaa, au nilidhani nimejiandaa. Kwetu karatasi za serikali ni za serikali. Kitu hakijawa chako mpaka aliyekuwa nacho akutazame aseme kwa mdomo wake: iwe halali yako. Bila kinyongo, bila fumbo. Bibi yangu aliwahi kumrudisha ng'ombe mwenye maziwa kwa sababu muuzaji alilimung'unya neno hilo, na alimrudisha kwa miguu, mlima mzima. Nilikuwa nimepanga lisemwe na Murman. Mwanaume, mezani, glasi mkononi, neno linapita na mvinyo, yamekwisha.

"Murman," nikasema. "Haya, mwenye gari."

"Asiseme yeye!" Lamzira akadakia, anacheka. "Murman angemhalalishia hata mwizi aliyemkatia bomba. Sema wewe, Tsiala. Wewe ukisema naamini mpaka kwenye mifupa."

Nikamgeukia Murman anisaidie. Alikuwa amelala. Mezani kwake, mbele ya mgeni, kipande cha mkate mkononi, kichwa kiganjani, anakoroma taratibu.

Mtu akiniuliza saa ngumu ya maisha yangu sitataja kuzaa wala kuzika. Nitataja hiyo. Maneno matatu tu, na mbele yangu kulikuwa na sababu yake, inakoroma. Nilitazama mikono yake, ile alama ya usukani iliyoota sugu. Nikajiambia, Tsiala, sema. Sema, akalale kitandani kama watu. Ukisema kweli atarudi kwenye taa za barabarani, na safari nyingine hakutakuwa na kibanda cha mkate cha kumzuia. Badri ni mtoto wa mtu, ndiyo. Na huyu ni wa nani?

"Tsiala?" Lamzira akasema. "Simu imekata?"

Alikuwa amehamishia simu mkono wa pili. Vidole vyake vitatu vilikuwa vimezungushiwa plasta, na pasipo na plasta ngozi imepasuka, nyeupe, ngozi ya mtu anayeosha wazee na sakafu kwa dawa kutwa.

"Iwe ha..." nikasema. Nikakohoa. Nikanywa maji. "Iwe..."

"Una nini wewe?"

"Betri inakufa!" nikapiga kelele. Nilimpigia kelele yeye, kana kwamba ndiye aliyeiua. "Umeridhika? Betri ya gari inakufa, Lamzira, imejaa unga na manyoya ya bata, Otar amesema imepikika, na wewe unanikalia hapo na neno lako! Hungeweza kununua gari kama watu wengine?"

Badri alinitazama bila kuelewa. "Lakini mama mdogo, taa haziwaki."

"Haziwaki kwa sababu nilikwenda nikazizimisha. Keshokutwa ungeziona."

Alinyanyuka polepole. Hakutukana, bora angetukana. "Mimi nimekula kwenye meza hii tangu sina meno," alisema, akavaa koti.

"Badri, kaa chini," mama yake akasema kutoka kwenye mtungi.

"Sikai, mama." Akatoka. Mlango aliufunga kwa adabu, kama alivyofunzwa, na nilisikia akipanda ngazi.

Tukabaki wawili, mimi na Lamzira, na Murman na mkoromo wake. Kikongwe akaita tena, safari hii Lamzira hakujibu.

"Ningejua lini?" akauliza.

"Wiki ijayo. Labda kabla."

"Wiki ijayo." Akafuta uso kwa mkono wa plasta. "Wiki ijayo ningekuwa naaga. Basi la Tbilisi linaondoka mwisho wa mwezi, nilishashika nafasi. Bibi nimeshamwambia, amelia siku mbili."

"Ulikuwa unarudi?" nikauliza. "Hukusema!"

"Nilitaka nigonge mlango wako tu. Na sufuria yako ya kijani mkononi, ile niliyoondoka nayo." Akacheka kidogo, halafu hakucheka. "Nilisema, nimpe Badri kazi kwanza, nisirudi kukaa kwenye mgongo wake na mtoto juu. Gari la Murman, nalijua, ndilo lililonipeleka uwanja wa ndege. Pesa zilikuwa zinatosha hilo tu, Tsiala. Hilo, likiwa na betri nzima."

"Nunueni lingine kule Rustavi."

"La nani? Aliyezima taa na hakukohoa?"

Niliokota makombo mezani, nikayapanga.

"Tuitoe betri kwenye bei," nikasema. "Murman apunguze. Tukiipunguza..."

"Mkipunguza bei ya betri mnabaki na nini? Paa hamuezeki. Usinichezee, nazijua hesabu zako kama zangu." Akavuta pumzi. "Mwaka mwingine huku, basi. Mwaka na kidogo."

"Mwaka mwingine."

"Na Murman?"

Nilimtazama. "Na Murman," nikasema.

Kikongwe alikuwa sasa anagonga kitu, fimbo labda. Lamzira akageuza kichwa, akarudi.

"Sikushukuru leo, Tsiala," alisema. "Nitakushukuru siku nyingine, hasira zikiisha. Leo nakuchukia sana."

"Nichukie tu."

"Na maharage yako nayachukia." Akakata. Kioo kikabaki cheusi, kimeegemea mtungi. Badri alikuwa ameisahau simu yake. Nilikuwa nimesikia maisha yangu yote kwamba ukisema kweli unapata wepesi moyoni. Sijui ni wepesi gani. Mimi nilijiona mpumbavu, mpumbavu mwenye kuku wa jozi aliyepoa.

"Ameondoka?" Murman akauliza. Macho yalikuwa bado yamefumbwa.

"We! Ulikuwa umelala."

"Mwanzo nililala. Lamzira alipotaka useme wewe, nikaamka."

"Na mkoromo?"

"Niliuendeleza."

Nilitaka kumvika bakuli la maharage kichwani. Naapa nililishika. "Umenisikia nikihangaika na hukufumbua jicho? Mwanaume gani wewe?"

Hapo ndipo akafumbua. Macho yake yalikuwa mekundu, ya siku nyingi. "Sikutaka nikuone ukisema," akasema.

"Na kama ningesema?"

Alifikiri. Murman akifikiri anakunja midomo kama anayeonja mvinyo mchanga. "Ningelala," akasema. "Ningelala sana, Tsiala. Nimechoka mno, sina hata nguvu ya kuona haya." Akaweka kile kipande cha mkate kwenye sahani, akakung'uta unga mikononi, akanyoosha mkono kuuchukua ufunguo. "Kuna abiria wa uwanja wa ndege. Nilikuwa nimemwambia Badri amchukue, awe wa kwanza wake."

"Nawe simu ya mtoto wa watu mrudishie kwanza."

"Nitaipitisha."

Alichuchumaa mlangoni kuvaa viatu, na kwa vile miguu imevimba alivivaa kwa taabu, akipumua kwa mdomo. Nilisimama nikamtazama mgongo wake. Niliwaza paa. Niliwaza nyuki, wale nyuki ambao hata hatujawanunua. Kisha nikavua aproni, nikachukua koti langu na skafu.

"Unakwenda wapi?"

"Uwanja wa ndege."

"Kufanya nini?"

"Nitakaa mbele."

"Abiria atasema nini?"

"Aseme atakalo. Mwambie ni mke wangu, hana akili." Nikampita, nikabonyeza lifti. "Nitakuwa naongea. Kwenda na kurudi, leo na kesho, mpaka uniombe ninyamaze, na sitanyamaza."

"Utaongea nini mwaka mzima?"

"Nitaanza na shangazi yako Nanuli," nikasema. "Vaa hicho kiatu, twende."